Wanawake wa Udongo wa Ma'mariya: Nani Aliyewafanya Miungu?

Msichana mmoja wa jamaa zetu, anayesoma sekondari, alikuja nyumbani na kitabu cha historia alichoazimwa shuleni. Ndani yake mna picha ya kijisanamu cha mwanamke kilichotoka kaburini huko Misri. Mwanamke huyo ameinua mikono yake miwili juu ya kichwa, vidole vimeelekea ndani. Uso wake ni kama wa ndege, una pua tu, hauna macho wala mdomo. Kiuno chake ni chembamba, na kutoka kiunoni kwenda chini ni mweupe, kama aliyejifunga leso nyeupe ya kumfika miguuni. Miguu yenyewe haionekani. Chini ya picha yameandikwa maneno matatu: Mungu wa kike.

Ami yake, ambaye ni mtu wa dini na mwenye ghera, alipoyaona maneno yale alikasirika. Akataka ukurasa ule ubandikwe karatasi, watoto wasiuone. Bibi yake msichana alikuwa kitako akichambua mchele. Akaomba miwani, akaitazama picha kwa kitambo, kisha akauliza suala moja tu: "Na hao, nani kawaambia?"

Ami alidhani bibi amekosa kufahamu. Mimi naona bibi ndiye aliyefahamu kuliko sote tuliokuwapo. Suala lile nimelichukua nikalifuata katika vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kijisanamu chenyewe ni mashuhuri. Kiko katika Nyumba ya Makumbusho ya Brooklyn, New York, na kilitolewa mwaka 1907 na Mfaransa Henri de Morgan katika kaburi moja la mahali paitwapo Ma'mariya, Misri ya Juu, kusini ya mji wa Luxor. Urefu wake ni kiasi cha sentimita 29, yaani kama rula ya mwanafunzi. Ni udongo uliochomwa na kutiwa rangi. Wanaokadiria umri wake wasema kilifanywa baina ya mwaka 3500 na 3400 kabla ya Nabii Isa (a.s.), kiasi cha miaka mia tisa kabla ya kusimamishwa ile piramidi kubwa ya Giza. Khasa tulitie akilini jambo moja: wakati huo Misri haikuwa na maandishi. Aliyekifinyanga kijisanamu hiki hakuandika neno, aliyekitia kaburini hakuandika neno, na maiti hasemi.

Basi nani kawaambia?

Wanafunzi wa elimu ya Hadithi watanielewa upesi nikisema kuwa kitu kilichochimbuliwa nacho kina sanadi yake. Sanadi ya kitu ni mahali kilipolala: kaburi lipi, upande upi wa maiti, pamoja na vyombo gani, nani alikiona kwanza na akaandika nini siku ile ile. Mnyororo huu ukikatika, kitu hubaki kizuri cha kutazama, lakini ushahidi wake umekwenda. Na katika vijisanamu vya zama hizi za Misri iliyokatika ni mingi. Baadhi havikuchimbwa na mtaalamu yeyote, bali vilinunuliwa kwa wachuuzi wa vitu vya kale. Mwaka 1963 Peter Ucko na Henry Hodges waliandika makala ya kuchungua uhalisi wa vijisanamu vya namna hii vilivyomo katika makumbusho, wakaonyesha kuwa vimo vya kutiliwa shaka. Hebu fikiri, mtu aweza kujenga dini nzima ya watu wa kale juu ya kitu kilichofinyangwa na fundi wa juzi ili auziwe mtalii.

Cha Ma'mariya hakimo katika hivyo. Kaburi lake lajulikana. Lakini kulijua kaburi ni kupata nusu ya khabari. Nusu ya pili, ambayo ni kazi ya kitu kile, hapo ndipo watu walipojisemea.

Nao wataalamu wakubwa hukosea. Mwingereza Flinders Petrie alichimba Naqada, jirani ya Luxor, katika majira ya 1894 na 1895, akafungua makaburi zaidi ya elfu mbili ya zama hizo. Aliona maiti waliokunjwa kama mtoto aliyelala, hawakukaushwa kama maiti wa Mafirauni, na vyungu asivyopata kuviona. Akahukumu kuwa hao si Wamisri, ni kabila jipya lililoingia nchi kutoka nje. Aliyeliona kosa hili ni Jacques de Morgan, nduguye yule Henri, aliyesema kuwa hao ndio Wamisri wenyewe kabla ya ufalme. Petrie alikawia, lakini mwisho aliikubali haki, na kitabu chake cha 1901 chawapanga watu hao mahali pao pa kweli. Kurejea kwake nakuhesabu katika heshima zake. Kuna waliokosa zaidi yake na wakafa bila ya kurejea.

Ama khabari ya "mungu wa kike", haikuanza kwa jembe wala sururu. Ilianza kwa kalamu. Mwaka 1861 mwanasheria wa Uswisi, Johann Jakob Bachofen, alitoa kitabu cha kudai kuwa zamani za kale wanadamu waliishi chini ya hukumu ya akina mama kabla ya kuja hukumu ya akina baba. Dhana hii iliwapendeza wengi. Baadaye kila palipochimbuliwa kijisanamu cha mwanamke, ikiwa ni Krete, ikiwa ni Uturuki au Misri, jina lake lilikuwa limekwisha mngojea: Mama Mkuu, mungu wa rutuba, mwenye kuzalisha watu na mimea. Bibi Elise Baumgartel aliitia maana hiyo katika vitabu vyake vya Misri ya kale. Bibi Marija Gimbutas, katika kitabu chake cha 1974, aliieneza juu ya bara la Ulaya, na wasomaji wake wakawa wengi kupita wasomaji wa wachimbuzi wote.

Sitaki nidhaniwe kuwa nawacheka akina mama hawa; walikuwa na elimu ya kutosha. Kosa lao ni lile la mwenye kwenda sokoni na jibu mfukoni. Aliyekwisha amini kuwa kulikuwa na Mama Mkuu, kila titi la udongo kwake ni dalili. Ukimwonyesha sanamu ya kiume, atasema huyo ni mume wa Mama Mkuu. Ukimwonyesha isiyo jinsia, atasema ni mwanawe. Dai lisiloweza kukanushwa na chochote limekwisha toka katika elimu.

Mtu aliyesimama kulipinga dai hili kwa utaratibu ni huyo huyo Peter Ucko, Mwingereza aliyezaliwa 1938 na kufariki 2007. Wenye kufuata siasa watamkumbuka kwa jengine: alipokuwa akitayarisha mkutano wa wachimbuzi wa dunia wa mwaka 1986 mjini Southampton, aliwazuia wawakilishi wa Afrika ya Kusini ya ubaguzi wasihudhurie, akalaumiwa sana na wenziwe. Lakini kwa mada yetu muhimu ni makala yake ya 1962 na kitabu chake cha 1968 juu ya vijisanamu vya watu wa Misri na Krete kabla ya historia. Alisema kijisanamu kiulizwe mambo manne kabla ya kupewa jina: chenyewe kikoje, na kimefanywa kwa nini, kilikutwa wapi na pamoja na nini, watu wa nchi ile ile waliokuja baadaye walikuwa na ada gani, na watu wengine waliojulikana, ambao tuliweza kuwauliza, huvifanyia nini vitu kama hivi. Kitabu si chepesi kusoma, kimejaa orodha na vipimo, na kuna kurasa zinazomtaka msomaji awe na subira ya Nabii Ayubu. Lakini kwa orodha zile zile jengo la Mama Mkuu lilipata ufa. Yaonekana kuwa vijisanamu vingine ni vya wanaume, na vingine havionyeshi jinsia yoyote. Na katika maelfu ya makaburi ya zama zile yaliyofunguliwa, yenye vijisanamu vya watu ni machache mno. Kama huyo alikuwa mungu wa kaumu nzima, mbona karibu wote walizikwa bila yeye?

Na hapa naongeza langu. Kaskazini ya Ma'mariya kuna mahali paitwapo el-Amra, karibu na Abydos. Katika makaburi yake, yaliyochimbwa karibu na mwaka 1900, walikutwa ng'ombe wanne wa udongo wamepangwa safu moja juu ya kibao cha udongo, na katika kaburi jengine ikakutwa nyumba ndogo ya udongo yenye mlango na madirisha. Vyote viwili viko British Museum, London. Umri wao na wa yule mwanamke haupishani sana. Waulize wenye vitabu: ng'ombe hawa ni nini? Watakwambia ni mali ya maiti, au chakula chake alichotakiwa huko aendako. Na nyumba? Makazi yake. Na mwanamke? Ah, huyo ni mungu! Imekuwaje ng'ombe awe ng'ombe, nyumba iwe nyumba, na mwanamke peke yake asiwe mwanamke? Hili swali silioni likijibiwa.

Tukitaka kujua jinsi dhana iwezavyo kumpotosha mtu, tuteremke miaka elfu mbili na zaidi katika Misri hiyo hiyo, wakati maandishi yamekwisha enea. Makaburi ya wakati huo yamejaa vijisanamu viitwavyo ushabti, vya udongo, vya mbao, vya mawe. Vina sura ya maiti aliyevikwa sanda, amekunja mikono kifuani, uso mtulivu wa kutisha. Kaburi la Tutankhamun lililofunguliwa 1922 lilikuwa navyo 413. Asiyejua kusoma angeapa kuwa hao ni miungu 413. Lakini vingi vimeandikwa mwilini kazi yake, na kazi yake ni shamba! Mwenye kaburi akiitwa huko akhera yao kulima, kumwagilia au kubeba mchanga, kijisanamu kiitikie mahali pake. Ndiyo sababu ya ile hesabu: 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, na 36 wa kuwasimamia kumi kumi, na 12 wa miezi. Ni vibarua na manyapara wao. Lau maandishi yale yangefutika, leo tungekuwa na vitabu vizima vya "mungu wa mikono iliyokunjwa".

Lile jambo la nne la Ucko, la kuuliza watu wanaojulikana, latuleta kwetu, wala si kwa kulazimisha. Miongoni mwa ushahidi alioutegemea ni kitabu cha Hans Cory cha mwaka 1956, juu ya vijisanamu vya udongo vilivyotumiwa katika unyago huko Tanganyika, Usambara, Uzigua na kwengineko. Cory aliwahi kuviona vikitumika, akaandika na nyimbo zake. Na ajabu ya kitabu kile ni hii: maana haimo katika sura ya kijisanamu, imo katika wimbo. Kila kimoja kina wimbo wake, na wimbo una fundisho lake, la heshima kwa wakwe, la mambo ya ndoa, la mtu mvivu na jirani mbaya. Mgeni akikiona kimewekwa kabatini bila ya wimbo, hata akae nacho mwaka, hatakijua. Wazee wetu wengi wa pwani hawakuziridhia ngoma hizo, na wana sababu zao. Lakini hata asiyeziridhia hawezi kusema kwa haki kuwa vile vilikuwa miungu. Vilikuwa ni ubao wa kufundishia, kama ule wa chuoni.

Wazaramo nao wana mwana hiti, kijisanamu cha mbao cha kiwiliwili bila mikono, ambacho mwari alipewa akakilea kama mtoto wake. Umbo hilo hilo lilichongwa katika viti vya wakubwa na katika nguzo za makaburi. Mchimbuzi wa miaka elfu tano ijayo, akilikuta kaburini tu, atasema ni la mauti. Akilikuta ndani ya chumba cha mwari, atasema ni la uzazi. Atakuwa ameshika sikio la ndovu.

Hata hivyo, sikukubali yote ya Ucko. Amewafungulia watu mlango wa kusema, "Basi ni wanasesere", na wengine wameupita mlango huo mbio kama walivyoupita wa mwanzo. Kumtoa mtu katika dhana ya uungu na kumtia katika dhana ya mchezo bila ya ushahidi ni kumhamisha jela. Mtazame mwanamke wa Ma'mariya mwenyewe. Mikono yake imeinuka membamba kama vijiti. Mtoto wa miaka minne angeivunja kabla ya adhuhuri. Chini hana nyayo za kusimamia. Hiki si kitu cha kuburuzwa uani. Na shahidi wa Usambara ya karne ya 20 hawezi kuapa kwa niaba ya mtu wa Misri wa miaka elfu tano nyuma. Aweza kutuonyesha kuwa jambo fulani lamkinika, basi. Kuwa limekuwa, hilo halijui.

Wapo wanaosema mikono ile ni ya kucheza ngoma. Wapo wanaosema ni pembe za ng'ombe, kwa kuwa Wamisri wa baadaye walikuwa na mungu wao wa kike mwenye sura ya ng'ombe. Wapo wanaosema ni kilio, kwa vile wanawake wa Misri walichorwa baadaye katika matanga wameinua mikono vichwani. Wanawake wa mikono iliyoinuliwa wamechorwa pia juu ya vyungu vya zama zile zile, wamesimama penye majahazi ya makasia mengi, tena wakubwa kuliko wanaume waliowazunguka. Vyungu hivyo ndivyo mashahidi walio karibu zaidi, kwani ni wa kaumu moja na wakati mmoja. Mimi, nikilazimishwa kuchagua, naelekea kwenye kilio au ngoma ya mazishi, kwa kuwa kijisanamu kimekutwa mazishini. Lakini sitamkemea atakayechagua jengine akiwa na hoja. Yeyote kati yetu asiseme "najua".

Nirudi kwa ami. Yeye na yule mwandishi wa kitabu cha shule wamesimama mbali kabisa, mmoja afurahia mungu wa kike, mmoja amchukia. Lakini wote wawili wamekwisha kubaliana kuwa ndiye! Nilimwambia hivyo, akanyamaza. Kisha nikamkumbusha jambo analolijua kuliko mimi. Katika Qur'ani neno tamathil, yaani masanamu, limekuja mahali pawili. Katika Suratul Anbiyaa Nabii Ibrahim (a.s.) awauliza babake na watu wake juu ya tamathil wanazoziabudu. Katika Surat Sabaa neno hilo hilo latajwa katika vitu ambavyo majini walimfanyia Nabii Sulaiman (a.s.), naye ni Mtume, hawezi kutengenezewa vya kuabudiwa. Neno ni moja. Lililotafautisha ni watu walifanya nini mbele yake. Na Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) ni mashuhuri, ya vijisanamu vyake vya kuchezea, na ya farasi wa mabawa ya kitambaa aliyekuwamo kati yao, Mtume (s.a.w.) alipomuuliza farasi gani huyo mwenye mabawa, akamjibu kwa farasi wa Nabii Sulaiman, akacheka. Wanazuoni wamezungumza mengi juu ya hukumu ya picha na masanamu, na hapa si mahali pake. Ninalosema ni kuwa chumbani mwa Bibi Aisha palikuwa na kitu ambacho mchimbuzi mwenye haraka angekiandikia "mungu", na sisi twajua hakika yake kwa sababu tu sanadi imetufikia.

Ami hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Akasema, "Na kama kweli walimwabudu? Wamisri hao si ndio walioabudu ng'ombe na paka?" Nikamwambia huenda, wala silikatai. Lakini wale wa ng'ombe na paka wametuandikia wenyewe kwenye kuta zao, na huyu hakuandikiwa kitu. Kumshuhudia mtu ushirikina, naye kafa zama kabla ya mashahidi wote, kwa sababu tu kazikwa na mwanamke wa udongo wa kimo cha rula! Akasema, "Lakini maneno yale yabaki hivyo hivyo, watoto wayasome?" Hapo nilimkubalia kuwa hapana.

Makumbusho ya Brooklyn yenyewe siku hizi yamwita kwa jina la "Sanamu ya Mwanamke", basi. Ni jina kavu, halitauza kitabu, lakini kila neno lake laweza kuapiwa.

Ukurasa haukubandikwa karatasi. Msichana alichukua penseli, akapiga mstari mwembamba juu ya yale maneno matatu, na chini yake akaandika kwa herufi ndogo: mwanamke, udongo wa kuchomwa, kaburi la Ma'mariya, 1907, kazi yake haijulikani. Bibi yake akataka asomewe. Aliposomewa, akasema sasa sawa, akarudi kwenye mchele wake. Kitabu kilirudi shule Jumatatu, na Jumanne mwalimu akamwita msichana mbele ya darasa, amweleze khabari hizo kazipata wapi.